MREJESHO: Likizo ya machipuko na watoto, tulichagua Washington

Habari zenu wadau. Niliuliza hapa: kwa likizo ya shule ya majira ya machipuko hapa Marekani, watoto wa miaka 9 na 4 niwapeleke Orlando, kwenye viwanja vya michezo ya burudani kama Disney World, au Washington, D.C.? Wengi mlisema Washington, nasi tukaenda. Ahsanteni sana!

Aliyetuambia makumbusho ya Smithsonian, yaani ya taifa pale Washington, hayana kiingilio Mungu ambariki. Kwenye ile ya Historia ya Asili unapokewa na tembo mkubwa aliyekaushwa wa kutoka Angola, mkonga juu. Yule mdogo alimkodolea macho mdomo wazi, kumbandua pale ikawa kazi.

Makumbusho ya Anga na bustani ya wanyama nayo ni bure, ila weka nafasi mtandaoni mapema. Treni za Metro, mtoto wa chini ya miaka 5 halipi. Hela ililiwa na hoteli, maana ni msimu wa maua ya micheri. Tukalala ng'ambo ya mto, Arlington. Mchana tulikula chapati zetu na mayai ya kuchemsha kwenye nyasi za National Mall, ule uwanja mrefu wa wazi katikati ya jiji.

Orlando tutaijadili mdogo akifikia kimo cha kuruhusiwa kupanda yale mabembea makubwa.