MJADALA: Paka na panya kutiwa kifafa makusudi ndio sisi tupate dawa, ni haja ama ni ukatili?

Mwenye mada (Mji wa Kale):
Salaam nyote. Naiweka hii mada wazi tuijadili bila matusi. Dawa nyingi za kifafa zinazomezwa leo zilipitia kwanza kwa mnyama mzima asiye na ugonjwa wowote, akapigwa shoti ya umeme kichwani ama akadungwa kemikali mpaka degedege limshike, alafu akapewa dawa ionekane kama itazuia. Msimamo wangu nausema mapema, sipingi kila jaribio, lakini naona mengi ni mateso ya bure, mnyama anaumizwa kwa swali ambalo jibu lake lishajulikana zamani.

Chukua fenitoini. Ilitengenezwa 1908 ikawekwa kando, mpaka madaktari Merritt na Putnam kule Boston mwaka 1937 wakaijaribu kwa paka. Paka jamani. Wanapima umeme kiasi gani unamtia degedege, wanampa dawa, wanapima tena. 1938 ikaanza kutumika kwa watu na ikafanya kazi bila kumlaza mtu usingizi kama fenobabu, dawa ya kifafa iliyoitangulia, hilo silikatai. Lakini hiyo fenobabu yenyewe ilijulikana 1912 kwa wagonjwa, hapakuwa na paka pale, daktari Mjerumani Hauptmann aliwapa ili walale akaona kifafa kinapungua.

Sasa shida yangu iko hapa. Baada ya fenitoini maabara zikang'ang'ania majaribio mawili, shoti ya umeme na kemikali iitwayo pentilenitetrazoli, miaka nenda miaka rudi kwa panya wengi mno. Ukitega wavu wenye tundu za saizi moja utavua samaki wa saizi moja. Levetirasetamu, dawa nyengine ya kifafa, ilifeli majaribio yote mawili! Ilikuja kuonekana ina nguvu kwa panya wa aina nyengine kabisa, na 1999 Marekani wakaipitisha. Je ni dawa ngapi zilitupwa hivo hivo? Leo dawa zishapita 20 na bado karibu mgonjwa 1 kati ya 3 degedege halikomi hata akimeza vipi. Kwa hivo wale panya wote waliteswa, na huyu mgonjwa wa tatu bado yuko pale pale.

Mama Kisauni:
Kaka yangu nimekusoma mpaka mwisho na roho imeniuma. Mimi nna mtoto mwenye kifafa. Wewe hujui kulala jicho moja, hujui kumfungia mtoto asende kuogelea na wenzake na bahari iko pale, hujui shule wanakwambia mweke nyumbani mpaka apone. Anatumia valproeti, ile wengi tunaijua kama Epilim, na sasa anakaa muda mrefu bila kuanguka alhamdulillah. Nimeisoma habari yake, Ufaransa mwanzo wa miaka ya 60 waliitumia kuyeyushia dawa nyengine walizokuwa wanajaribu kwa wanyama, wakashangaa kila dawa inafanya kazi, kumbe kilichofanya kazi ni kile kiyeyushio chenyewe. Bila wale wanyama nani angejua? Nakuuliza na unijibu, dawa mpya ikija ijaribiwe kwanza kwa nani, kwa watoto wetu wa Pwani?

Abu Swafaa:
Dada Mungu amponye mwanao. Mimi si mwanachuoni lakini sote twaijua hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie, akaingia motoni kwa sababu yake. Na yule aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa. Mnyama tumeruhusiwa kumchinja tule, ila hata hapo tumeamrishwa tunoe kisu asiumie. Kwa hivo mimi naangalia vitu viwili, haja ipo kweli? Na maumivu yamepunguzwa mpaka mwisho wa uwezo? Panya akitiwa degedege tukapata dawa ya mtoto naona haja ipo. Akitiwa degedege ili mtu apate karatasi ya utafiti ya kupandia cheo, hilo mimi siliwezi kulitetea.

Mfamasia wa Tudor:
Mwenye mada umesema kweli nusu. Hao panya walioiokoa levetirasetamu walitiwa umeme kidogo kidogo kila siku ndani ya ubongo, mwanzo hawashikwi na kitu, baadae umeme ule ule mdogo unawatia kifafa kamili. Njia hii mtafiti Goddard aliieleza miaka ya 60. Kwa hivo aliyeziba pengo la mnyama ni mnyama mwengine, usiruke hapo. Kuna panya wanaozaliwa na kifafa, kuna nyani wa Senegal wanaoshtuka kwa taa ya kumetameta, na kuna samaki wadogo aina ya zebra wenye kasoro ya jeni inayofanana na ile ya watoto wa ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni. Huwezi kukata ubongo wa mtoto uangalie ugonjwa ulivyoanza.

Ila kuna jambo hamjalitaja na sisi wa Pwani linatuhusu zaidi. Utafiti uliotoka 2013 wa sehemu 5 za Afrika, Kilifi ikiwemo, ulikiunganisha kifafa na shida wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa na vimelea. Na malaria ikipanda kichwani inaacha kifafa nyuma. Panya wa shoti hana historia yoyote ya hizo. Hata malaria ya ubongo ya panya inatumia kimelea chengine si kile chetu, na wataalamu wanabishana mpaka leo kama kinachotokea kwenye ubongo wa panya ndicho kinachotokea kwa mtoto. Mimi hapo ndipo ninapokasirika, modeli, yaani huyo mnyama wa majaribio, imetengenezwa kwa ugonjwa wa kwengine alafu sisi tunapokea dawa.

Mwenye mada:
Mama Kisauni nakujibu, na samahani kama maneno yangu yalikuumiza. Dawa mpya haiwezi kuanzia kwa mwanao, hilo sitaki hata kulisikia. Ninachotaka ni kwamba kabla ya mnyama kuguswa ijaribiwe kwanza kwenye seli za binadamu, siku hizi wanaotesha hata vipande vidogo vya ubongo maabarani, na Marekani mwisho wa 2022 walibadilisha sheria dawa isilazimike kupitia kwa mnyama. Hapa kwetu Kenya sura ya 360, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inataka leseni kwa jaribio la mnyama, basi anayetoa leseni aulize, hili lishafanywa wapi na likaleta nini? Na jaribio lililofeli litangazwe, manake likifichwa mwengine atalirudia na panya wengine.

Mfamasia hilo la Kilifi umenishinda, nakubali mia kwa mia.

Mama Kisauni:
Hilo la kutangaza yaliyofeli nakuunga mkono. La kuanzia kwenye seli pia sawa. Lakini kaka, kipande cha ubongo kwenye chupa hakianguki jikoni na sufuria ya moto mkononi, na dawa ikimharibu ini haitaonekana pale. Mpaka wapate kitu cha kunionyesha hayo mawili, mimi nasema panya aendelee.