Gemu moja laki na sabini na tano: kuchipi mashine ni kubana matumizi au ni wizi?

Mwanzisha mada, Area C

Mbukwenyi wadau.

Kuna banda moja la gemu hapa Dodoma, maeneo ya Majengo, palizuka ubishi ambao haukuisha mpaka umeme ukakatika, nauleta hapa tuumalizie. Kijana kanunua PS4 (mashine ya PlayStation ya Sony) iliyochipiwa, yaani fundi kaichezea ikubali magemu ya kunakili bila kulipia, imejazwa magemu mpaka basi, anatuambia sisi tunaonunua diski ni washamba wa kuchoma hela. Msimamo wangu: kwa mtu anayecheza nyumbani, kuchipi hakubani matumizi yoyote. Wala sijifanyi mtakatifu, naongea hesabu tu.

Zamani mashine ilitoka ghali halafu ikashuka kadiri miaka inavyokwenda. PS2 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, kufika 2009 ikawa dola 99. PS5 imeenda kinyume. Novemba 2020 ile yenye sehemu ya diski ilikuwa dola 499, Agosti 2025 wakaipandisha hadi 549 hukohuko kwao. Gemu mpya kubwa zilikaa dola 60 miaka mingi, zikaja 70, na 2025 Nintendo wakaitoa Mario Kart World kwa dola 80. Chukua hiyo ya 70, piga mara shilingi 2,500 kwa dola, ni 175,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini, hiki kipya kilichotangazwa Singida Mei Mosi 2025, ni 500,000. Gemu moja inakula zaidi ya theluthi, na hapo mwenye nyumba wa Nkuhungu hajagonga mlango.

Mimi gemu ikiwa mpya siigusi. Ya mpira ndiyo kabisa, maana kila Septemba inatoka nyingine na ya mwaka jana inaporomoka bei wakati wachezaji ni walewale, wamebadilishwa jezi tu (na nywele). Diski nachukua ya mtumba, nikiichoka nauza. Hapa mtaani tuko wanne, kila mmoja ananunua diski ambayo mwenzake hana, tunazungusha. Mwenye mashine ya chipi anabaki na toleo alilowekewa, akiingia mtandaoni anajiweka kwenye hatari ya kufungiwa, kusasisha mashine anaogopa chipi isije ikapotea, na kila akitaka gemu mpya anarudi kwa fundi na hela mkononi. Ajumlishe hizo hela za fundi za mwaka mzima halafu aje tuongee.

Karibuni.

Mwenye banda, Chang'ombe

Mkuu, unaongea kama mtu mwenye TV sebuleni kwake.

Mimi nina mashine nne. Nikiacha chipi nikanunua diski, gemu mpya ya mpira kwa mashine zote nne ni 700,000. Mechi hapa kwangu ni jero (mia tano). Ina maana zichezwe mechi 1,400 za kurudisha hela ya diski peke yake, bado LUKU, bado kodi ya fremu, bado pedi. Na pedi ndizo zinazotumaliza, asikudanganye mtu. Inakufa analogi ya kushoto kwanza, kile kijiti cha kumwongoza mchezaji, kwa sababu madogo wanaibinya mbele dakika zote. Unakuta beki kasimama, mwenye pedi kaweka mikono mapajani, na beki anaanza kujiendea mwenyewe kwenye kona. Unafungua, unasafisha kwa spiriti, inakaa siku mbili tatu, inarudia. Mteja akishaona pedi inavuta anahamia kwa jirani bila hata kuaga.

Kuna wanaosema mabanda yanaua gemu halali, nao wafikirie upande wa pili. Mtoto wa Chang'ombe hana laki na sabini na tano wala hatakuwa nayo. Kwa jero anacheza alichocheza mtoto wa Mlimwa. Hakuna kubana matumizi kunakozidi hapo. Mashine zangu mbili zimechipiwa, nasema wazi.

Mchangiaji, Ipagala

Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wanasheria.

Mtumishi, Mji wa Serikali Mtumba

Mwanasheria mmoja kafika, ingawa hapa naongea kama mchezaji.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo na vitabu, na gemu ni programu. Kwa hiyo swali la mada lina jibu lake kisheria, tusizungushane. Linalobaki ni la haki na uwezo. Mimi namtofautisha kijana anayecheza chumbani kwake na mtu anayekusanya jero kwa kazi ya mwenzake. Msanii wetu wa Bongo Fleva akikuta nyimbo zake zinauzwa kwenye flashi pale stendi bila yeye kuambulia kitu, tunapiga kelele nchi nzima. Wa ng'ambo naye ana watoto.

Ila na wewe mwanzisha mada usijisahau. Leseni zinazokuja na diski hizi kwa kawaida zinasema matumizi binafsi. Banda likinunua diski halali nne bado halijapewa ruhusa ya kutoza watu. Ukilisoma lile karatasi mpaka mwisho, banda linalofuata masharti kikamilifu utalitafuta sana.

Mwanafunzi, UDOM

Hapa ndipo mnaponichosha. Mnaongelea uhalali wa duka ambalo kwetu halipo.

PSN, yaani mtandao na duka la Sony la PlayStation, haijafunguliwa rasmi Tanzania. Ili ununue kihalali inabidi uanze kwa uongo, ufungue akaunti useme unaishi Marekani au Uingereza, halafu utafute kadi ya zawadi kwa mtu anayeiuza juu ya bei yake. Mei 2024 Sony walitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PSN. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, kwa mpigo. Wachezaji walipolalamika dunia nzima sharti likafutwa, lakini tulishajua tunahesabiwa wapi. Mtu anakataa kukuuzia, kisha analia umemwibia?

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, angalau wanatuuzia, ila bei ni ya dola, haijapangwa kwa mfuko wa hapa. Afrika Kusini wana bei ya randi yao. Sisi tunalipa kama mtu wa Chicago na boom (hela ya mkopo ya kujikimu) tunakula bila nyama.

Hata hivyo sijachipi kitu, kompyuta yangu inajitosheleza. Epic, duka jingine la mtandaoni, wanatoa gemu za bure tangu mwisho wa 2018, siku hizi kila wiki, na Steam ukisubiri punguzo la kiangazi chao au la mwisho wa mwaka unapata gemu nzuri kwa hela ya chipsi kuku. Ukinunua ukaona haikufai, unarudishiwa hela yako, mradi hujapitisha siku 14 na hujacheza saa mbili. Wengi hawalijui hilo.

Mama wa watatu, Nkuhungu

Naomba niulize wanangu, mnisamehe mimi si mtu wa magemu. Huyu wangu wa kidato cha pili aliniambia ameweka gemu ya mpira ya bure kwenye simu yangu. Bando la mwezi likaisha kabla ya wiki kwisha. Kisha nikakuta hela imekatwa, nauliza, naambiwa ni koini za kununulia mchezaji. Sasa bure ni ipi?

Mwanzisha mada

Shikamoo mama. Umeuliza swali zuri kuliko sisi wote.

Gemu ya bure inakula sehemu mbili. Ya kwanza ni bando. Gemu kubwa za mashine zinafika GB 100 na kuzidi. Hata ukipata GB moja kwa shilingi 1,000, hiyo ya bure umeilipia laki kabla hujagusa pedi. Za simu ni ndogo ila zinasasishwa kila mara. Azime wifi, asishushe kwa bando lako. Ya pili ndiyo hiyo koini. Zinaficha kadi za wachezaji ndani ya pakiti, mtoto anabahatisha na hela halisi inatoka. Ingia kwenye duka la programu la simu, weka nywila kwa kila manunuzi, na nywila hiyo asiijue. Akikununia, atazoea.

Mwanafunzi, kutengwa nakubaliana nako asilimia mia. Lakini chipi ya kijana wa Majengo haitawafanya wafungue duka hapa. Hata hawaioni.

Fundi, Sabasaba

Nimesoma yote, na mimi ndiye mnayemsema.

Wateja wa chipi ninao na siwakatai. Ila nusu ya kazi ninayofanya kwenye mashine hizo ni za watu waliobonyeza kusasisha kwa bahati mbaya, mdogo wake kashika pedi akakubali kila kitu kilichojitokeza. Wanakuja wanataka nirudishe ilivyokuwa. Mara nyingi hairudi. Hesabu hiyo mwanzisha mada hakuitaja.

Na kuna hasara nyingine inayowahusu wenye diski na wenye chipi sawasawa: vumbi. Mnajua upepo wa Dodoma kuanzia Julai. Watu wanaweka mashine chini kwenye sakafu, dirisha wazi, feni inavuta vumbi jekundu miezi minne mfululizo. Nikifungua nakuta limegandana ndani kama blanketi. Mashine inapata joto, inapiga kelele kama bodaboda inapanda mlima, siku moja inazima na haiwaki. Iinueni juu ya meza, msiifunike kitambaa ikiwa inafanya kazi, na mpulizie mara kwa mara. Kwa bei za sasa, kuitunza uliyonayo kunaokoa hela kuliko ubishi wote huu.

Mchangiaji, Kisasa

Nawahurumia wa diski. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 699 na sehemu ya diski haina, unainunua pembeni. Huko tunakoelekea huwezi kuuza ulichomaliza wala kumwazima jirani. Jimbo la California mpaka limetunga sheria, imeanza kutumika Januari 2025, duka la mtandaoni lisitumie neno kununua bila kukueleza wazi kwamba unapewa leseni tu. Kampuni ya Ubisoft walizima seva za gemu yao ya magari, The Crew, Machi 31, 2024, na waliolipia hela zao hawakuweza kucheza tena. Mzunguko wenu wa watu wanne una miaka michache ya kuishi.

Mwanzisha mada

Ndiyo maana siitoki PS4. Diski zake zimejaa mtaani na zinazidi kushuka kila watu wanapohamia PS5.

Mwenye banda, Chang'ombe

Basi hizo diski mnazozungusha, zikikaa bila kazi nikodishieni. Elfu tano kwa wiki, kitambulisho naacha.

Mtumishi, Mji wa Serikali Mtumba

Wakuu, kukodisha nako kuna sheria yake.

Mwanzisha mada

Elfu kumi. Na zirudi bila mikwaruzo.