Fundi, nani alikuambia patisheni isiyofunguka kwenye Windows ni tupu?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, nivumilieni, ila nataka fundi yeyote anayepita hapa asome mpaka mwisho.

Kompyuta yangu ina mifumo endeshi miwili kwenye diski moja ya GB 500, diski ya kuzunguka, siyo SSD. Diski imegawanywa vipande, ndizo hizo patisheni: Windows iko mbele kwa ajili ya kazi za watu, Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, iko nyuma yake kwa mambo yangu. Huko kwenye Ubuntu ndiko zilikokuwa barua za wazazi wangu, zile walizoandikiana kabla hawajaoana na miaka yote baba alipokuwa anafanya kazi mbali. Nimezipiga skani ukurasa kwa ukurasa, kurasa 640, kila faili nimelipa jina la tarehe na la aliyeandika. Pembeni nilikuwa na faili la maelezo: huyu anayetajwa ni nani, ugonjwa huu ulikuwa wa mtoto yupi, ugomvi huu uliishaje. Mengi niliyapata kwa kukaa na mama na kumsomea kwa sauti. Ni kazi ya miaka mitatu, ya usiku usiku.

Windows ikagoma kuwaka. Ubuntu ilikuwa inawaka vizuri kabisa, muielewe hiyo. Nilikuwa na kazi ya mteja inayosubiri na sikuwa na nafasi ya kukaa nayo mwenyewe, nikaipeleka kwa fundi. Nilimwambia kwa mdomo, halafu nikaandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya mfuniko: KUNA MIFUMO MIWILI, USIFUTE KITU. Karatasi ilirudi bado imebandikwa palepale.

Kesho yake simu: "Bosi, mashine iko tayari, nimepiga Windows mpya, sasa inapaa." Naiwasha, menyu ya kuchagua mfumo haipo. Inaingia moja kwa moja Windows. Nafungua, naona C na D. D sijawahi kuwa nayo maishani mwangu. Namuuliza Ubuntu iko wapi, ananijibu kwa utulivu kabisa: "Kulikuwa na patisheni tatu hazina jina, hazina kitu, nikazifuta nikakutengenezea D ili upate nafasi."

Hazina kitu!

Windows haisomi ext4, mfumo wa faili ambao Ubuntu huutumia. Ukiingia kwenye programu yake ya kusimamia diski utaona patisheni ya Linux imeandikwa ukubwa wake, sehemu ya aina ya mfumo wa faili iko wazi, na nafasi iliyobaki inaonyeshwa ni asilimia 100. Yaani inakuambia ni tupu wakati imejaa mpaka juu. Ukichomeka diski ya nje yenye ext4 inakuja na ujumbe kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, na kitufe cha kufomati kiko hapohapo kinakusubiri. Ni ujumbe mbaya sana, umeshawaumiza watu wengi. Lakini fundi kazi yake ni kujua hilo. Flashi yenye Linux ya kuwashia moja kwa moja, bila kusakinisha chochote, ingemwonyesha kilichomo ndani kwa dakika tano. Fundi anayegusa diski za watu na hana flashi hiyo mfukoni anafanya kazi akiwa kipofu, na anayeumia ni mwenye mali.

Sasa kosa la kwanza peke yake lisingenimaliza, na hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Kufuta patisheni siyo kufuta data. Ni kufuta maelezo kwenye jedwali lililoko mwanzoni mwa diski. Kwenye MBR, jedwali la mtindo wa zamani, patisheni kuu moja ina maelezo ya baiti 16 tu, yanayosema inaanzia wapi na ina urefu gani. Kwenye GPT, la mtindo mpya, jedwali lina hadi nakala ya pili mwishoni mwa diski. Hata ile fomati ya haraka aliyoipiga haipiti diski nzima, inaandika miundo mipya ya mfumo wa faili sehemu chache na kuacha mengine yalivyokuwa. Angechagua fomati kamili ningelia, maana tangu Windows Vista fomati kamili inaandika sifuri diski nzima. Hakuichagua. Kwa hiyo nilipopiga simu nikipiga kelele, barua za mama karibu zote zilikuwa bado zimelala palepale kwenye sahani ya diski. TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea, ingepita, ikatafuta alama za mwanzo wa ext4, na hata mwanzo ukiharibika ext4 huweka nakala za maelezo yake makuu mbele zaidi ndani ya patisheni. Kilichohitajika kilikuwa kuzima mashine. Kuzima tu!

Nikamwambia azime, niko njiani. Akaniambia, "Usijali bosi, nakurudishia." Akashusha programu ya kurudisha mafaili, akaisakinisha kwenye diski ileile. Ikapekua, ikaleta vitu vya Windows ya zamani: picha za kwenye vivinjari, mafaili ya usakinishaji, video nilizoshusha na kuzifuta mwaka juzi. Akavihifadhi vyote, GB 90, kwenye D.

D ndiyo Ubuntu, wakuu. Amechukua takataka ambazo hakuna aliyeziomba akazimwaga juu ya barua. Nilipofika alikuwa ananionyesha folda kwa furaha: "Si unaona, zinarudi."

Huwezi kuhifadhi unachorudisha kwenye diski unayorudishia. Huisakinishi hata programu yenyewe humo. Diski inachomolewa, inachomekwa kwenye kompyuta nyingine, inapigwa nakala nzima sekta kwa sekta kwenda kwenye diski nyingine yenye ukubwa uleule au zaidi, halafu unahangaika na nakala. Kama diski inatoa mlio au inakwama kusoma, unatumia programu ya ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima na kurudi baadaye kwenye sehemu mbovu. Haya siyo elimu ya siri. Na kama ingekuwa SSD hadithi ingeishia kwenye fomati: mfumo ungeshatuma TRIM, ile amri ya kuiambia diski kwamba eneo fulani halitumiki tena, na mara nyingi baada ya hapo ukisoma unakuta sifuri.

Najua mtakachosema, bakapu. Nilikuwa nayo, ya miezi minane nyuma, kurasa 402. Kutoongeza miezi ile minane ni kosa langu na nimelikubali. Lakini bakapu yangu kuwa ya zamani hakukumpa mtu ruhusa ya kufuta patisheni asizozijua.

Na siyo mafundi peke yao. Kuna wadau humu ambao jibu lao kwa kila swali la mifumo miwili ni "piga chini, weka upya". Menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo, imepotea baada ya sasisho la Windows? Piga chini. Kwenye mashine za UEFI, programu ya ndani ya mashine iliyochukua nafasi ya BIOS, mara nyingi GRUB bado iko kwenye patisheni ya EFI ndani ya folda yake, kilichobadilika ni mpangilio wa nani aanze, na unarekebishwa kwenye mipangilio ya UEFI au kwa amri ya efibootmgr ndani ya Linux. Linux inakataa kuandika kwenye patisheni ya Windows? Piga chini. Hapana, ni kile kipengele cha kuwaka kwa haraka (Fast Startup) kilichokuja na Windows 8, ambacho ukizima mashine hakizimi kikwelikweli bali kinalaza sehemu ya mfumo kwenye diski. Kizime kipengele hicho, basi.

Agosti 2024 ndiyo ilinionyesha hali halisi. Sasisho la usalama la Windows la tarehe 13 mwezi huo lilizuia Linux za watu wengi kuwaka, zikawa zinatoa ujumbe kwamba ukaguzi wa SBAT, utaratibu wa kuzuia programu za kuwashia za zamani zenye udhaifu, umeshindwa na kwamba kuna jambo limeharibika vibaya, kisha mashine inajizima. Data ilikuwa salama yote. Dawa ilikuwa kuzima Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokagua programu za kuwashia), kuingia Ubuntu, kuandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha upya na kuingia tena, halafu kurudisha Secure Boot. Nilisoma kwa macho yangu watu wakishauriwa kufomati Linux, na wengine wakishukuru kwa ushauri. Hata huko kuzima Secure Boot kunatakiwa kuanza na swali moja: una ufunguo wako wa tarakimu 48 wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski? Maana mabadiliko hayo yanaweza kuifanya Windows iudai, na asiye nao amefungiwa nje ya mali yake. Ni wachache sana wanaouliza.

Nirudi kwangu. Diski niliichukua siku ileile, nikaipiga nakala. TestDisk ilizitambua patisheni za zamani, lakini mfumo wa faili ulikuwa umeshakatwakatwa na zile GB 90, folda hazifunguki. Nikabaki na PhotoRec, inayotafuta faili kwa alama zake za mwanzo bila kujali jedwali wala folda. JPEG inaanza na FF D8 FF, basi inaokota kila penye alama hiyo. Inaokota vizuri, ila majina hayarudi. Faili lililoitwa kwa tarehe na jina la baba sasa linaitwa herufi f na tarakimu za sekta lilipookotwa, limechanganyika na picha zaidi ya elfu kumi na moja za matangazo na nembo za tovuti.

Kila usiku nafungua moja moja. Barua za mama nazijua kwa wino wa kijani na kona ya kulia aliyokuwa anaikunja. Za baba hazina tarehe nyingi, alikuwa anaandika siku tu, "Jumatano", na tarehe nilikuwa nimeipata kwa kulinganisha na majibu ya mama, na ulinganisho huo ndio uliokuwa kwenye faili la maelezo. Kati ya kurasa 238 ambazo hazimo kwenye bakapu, 151 zimerudi nzima. Nyingine 40 zina maandishi juu na kijivu kitupu kuanzia katikati. 47 sijazipata. Asili za karatasi ninazo chache, nyingi mchwa walizimaliza baada ya skani, ndiyo sababu nilizipiga skani.

Fundi nimemrudia. Amesema pole na kwamba Windows aliyoweka ni nzuri.

Naomba msaada wa jambo moja kwa anayejua kweli. Faili la maelezo lilikuwa ODT, aina ya hati ya LibreOffice, ambalo ndani yake ni zip. PhotoRec imenipa vipande vitatu ninavyoamini ni lenyewe, lakini vimekatika mwishoni, na orodha ya yaliyomo kwenye zip hukaa mwishoni. Nimejaribu zip -FF, amri ya kukarabati zip iliyoharibika, kipande kimoja kimenipa content.xml nusu, kinasomeka mpaka barua za mwaka wa pili. Viwili vingine vinakataa. Kuna aliyewahi kufungua data iliyobanwa ya namna hii kuanzia katikati, bila mwanzo wala mwisho? Vipande ninavyo, na diski ya asili sijaigusa tangu niipige nakala.