Kampuni binafsi huuzaje hisa kwa umma?

Muulizaji, Ujiji: Ndugu zangu, tunasindika mawese hapa Kigoma na tunahitaji mtaji mkubwa. Kwa nini kampuni iuze hisa badala ya kukopa benki?

Mchangiaji, Tabora: Mkopo hulipwa pamoja na riba hata biashara ikiyumba, ilhali mwenye hisa hushiriki faida na hasara; lakini mtagawana umiliki na kutangaza hesabu zenu hadharani, jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi.

Mchangiaji, Kasulu: Waraka wa matarajio, yaani maelezo ya kampuni na hisa zake kwa wanunuzi, wenye hesabu zilizokaguliwa, lazima uidhinishwe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla ya hisa kuuzwa, kisha ziorodheshwe Soko la Hisa la Dar es Salaam. Katika soko hilo kampuni changa zina sehemu yao maalumu, dirisha la kukuza ujasiriamali. Anzieni hapo, ndugu.

Mchangiaji, Tabora: Wengine huuza hisa kwa kusukumwa na sheria, mfano kampuni za simu. Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 mwaka 2017, shilingi 850 kwa hisa.