Tupeane uzoefu: wewe ni mtu wa ibada na unapenda hadithi za mapenzi ya majini, ilikuwaje kwako?

MamaWawili Kirumba
Wadau habari za jioni. Jana saa tano usiku namkuta binti yangu wa kidato cha pili kajifunika khanga gubigubi, mwanga unatoka chini, nikajua hapa ni mvulana. Nafunua, kumbe anasoma hadithi ya kwenye simu, sehemu ya 41, jini kampenda mwanakwaya na sasa jini anataka kubatizwa. Nilinyoosha mkono nimpokonye ukaishia hewani, maana mwaka 1998 mimi ndo nilikuwa yule pale, hapahapa Kirumba, Mwanza, nasubiri gazeti la hadithi litoke Dar, linafika limechelewa siku mbili na mwisho limeandikwa ITAENDELEA unataka kulia. Mimi ni muumini, naimba sauti ya pili mpaka leo, sijawahi kuacha kanisa na hizo hadithi pia sijawahi kuziacha, na sijawahi kumwambia mtu. Waliopitia naomba waseme walipitia nini na huyu mtoto nimwambie nini. Matusi hapana.

Konda wa Igoma
Sauti ya pili tuko wengi mama. Nakaa hapa nasoma.

Juzuu Amma
Shikamoo mama. Umenikumbusha madrasa, Mabatini, nina miaka kumi na tatu. Nilikuwa naukata ukurasa wa hadithi kwenye gazeti la kaka, naukunja mara nne nauingiza kwenye juzuu, wenzangu wanatikisika wanakariri na mimi natikisika nasoma jini linavyomtorosha binti wa kadhi. Siku hiyo maalim akapita nyuma yangu. Nikajua leo ni fimbo, na kwa kweli kuchanganya kile kikaratasi na juzuu lilikuwa kosa, alinifokea kwa hilo na nilistahili. Lakini kukichana hakukichana. Akasema haya simama usome kwa sauti. Nimesoma midomo inatetemeka mpaka pale jini linapoapa kumuoa yule binti, akanikatisha, jini kaumbwa kwa nini? Moto. Na wewe? Udongo. Akafungua Surat An-Nahl aya ya 72, Mwenyezi Mungu katujaalia wake kutokana na nafsi zetu, akaeleza wanazuoni wengi wanaitumia hiyo kukataa ndoa ya mtu na jini. Halafu akatuhadithia Nabii Suleiman, yule ifriti, jini lenye nguvu, kwenye Surat An-Naml anayesema nitakuletea kiti cha malkia kabla hujainuka hapo ulipokaa. Darasa zima kimya. Mpaka leo nikisoma hadithi yoyote ya jini naipima kwa swali la maalim, huyu mwandishi anajua jini ni nini au anapamba tu? Wengi wanapamba.

Nuru na Giza
Mama mimi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimehudumu maombezi miaka kumi na moja, nimeona wasichana wengi, na wengi ukiwauliza jini lilianzaje wanakwambia hadithi. Hadithi ni mlango. Paulo kauliza pana shirika gani kati ya nuru na giza, hakusema isipokuwa kama jini ni zuri na lina macho ya kahawia. Mpokonye simu leo, mfunge naye siku tatu.

Fr wa Mtaani (sio padri, ni jina tu)
Nuru na Giza nakuheshimu ila fungua Kitabu cha Tobiti. Sara ameolewa mara saba, na wanaume wote saba wanakufa usiku wa harusi kabla hawajamgusa, pepo Asmodeo anawaua. Anatukanwa na kijakazi mpaka anatamani kufa. Ndo anakuja Tobia na malaika Rafaeli aliyejificha kama msafiri wa kawaida, samaki anataka kumla Tobia mguu mtoni Tigri, wanamvua, wanatunza moyo na ini na nyongo. Usiku wa harusi Tobia anaweka moyo na ini kwenye makaa, harufu ikifika pepo anakimbilia Misri ya juu. Kisha Tobia anamwambia Sara inuka tusali kwanza, na wanasali wawili kabla ya kulala. Mimi nimekulia kwa mama muuza samaki, niambie kuna hadithi ya mapenzi inayomhusu mtu wa Mwanza kuliko hiyo?

Nuru na Giza
Hicho kitabu hakimo kwenye Biblia yangu. Yangu ina vitabu 66.

Fr wa Mtaani
Na yetu 73. Kwa hiyo Sara hakuteseka kwa sababu kwako hayupo?

Nuru na Giza
Usinilishe maneno. Na hata huko kwenu pepo anafukuzwa, hapendwi wala habatizwi. Hiyo ndo tofauti na hii takataka ya sehemu ya 41.

Juzuu Amma
Hapo kaka Nuru kasema kweli, tukubali.

MamaWawili Kirumba
Jamani vitabu mtahesabu kesho, mimi nina mtoto.

Kamachumu Boy
Kwetu upande wa Bukoba wazee wana Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, na bibi yangu alikuwa anamhadithia huku rozari iko shingoni. Hakuona shida. Mimi ndo naona shida kwa niaba yake.

Binti Mwaloni
Nimesoma yote nikafunga simu, nikafungua tena. Hii sijaiandika popote.

Mwaka 2016 nilikuwa naanika dagaa na mama pale soko la samaki la Mwaloni, kazi yangu ni kuwageuza na kuwafukuzia korongo, na kuangalia wingu, mvua ikikuwahi umekula hasara. Katikati ya hapo nilikuwa naandika. Nilikuwa na kundi la WhatsApp, watu 214, kila usiku natupia sehemu moja. Vidole vina magamba ya dagaa, yanabaki kwenye kioo cha simu yanang'aa, naandika juu yake hivyohivyo. Hadithi ilikuwa ya msichana wa kwaya na mwanaume wa ziwani. Mnajua usiku wa giza karabai zikiwa nyingi ziwani ni kama kuna mji kule. Basi yeye alikuwa karabai isiyo na mtumbwi. Anasikia kwaya ikifanya mazoezi, anasogea pwani kila Jumatano. Wanapendana. Ila yeye hawezi kulitaja jina la Yesu, akijaribu yanatoka maji mdomoni. Kwa hiyo binti anaanza kumfundisha Baba Yetu, mstari mmoja kwa usiku mmoja, na kweli anaweza, mpaka wanafika "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Hapo anakwama. Anasema ziwa lina wadeni wengi na halijawahi kusamehe hata mmoja. Hiyo ilikuwa sehemu ya 29.

Niwaambie kwanini alikwama pale. Baba alituacha nikiwa darasa la nne, akaenda kambi za visiwani kuvua, akaoa huko. Kila Jumapili nasimama na kanisa zima tunasema sala, nikifika huo mstari nafunga mdomo, naungana nao kwenye usitutie majaribuni. Miaka yote. Hakuna aliyejua. Sikuweza kumwambia mchungaji, wala mama, nikampa yule wa ziwani aseme badala yangu.

Wakati huo nilikuwa nimeposwa. Mshenga ameshaleta barua na mahari tumeshapatana. Ijumaa moja kwenye mkesha kiongozi wa maombezi akaniita mbele, akatoa simu yake, kumbe mmoja kwenye kundi kampelekea. Akasoma kwa kipaza sauti sehemu ya 12, pale binti anasema "alinishika mkono, ukawa wa baridi kama sangara aliyetoka kwenye barafu". Kanisa likaguna. Akasema mnasikia ushuhuda huu, huyu ana jini mahaba, ameshaolewa majini. Nikasema baba mtumishi hiyo ni hadithi nimetunga. Akasema ndivyo linavyojitetea. Nikaelewa hapo sina tena neno, kila nitakachosema ni jini linasema.

Nikafungishwa siku tatu bila maji. Siku ya tatu nikaanguka, wakapiga vigelegele limetoka. Ilikuwa njaa. Jumatatu ikaja barua ya kuvunja posa. Mchumba hakuja mwenyewe, alituma mdogo wake, akaiweka juu ya ndoo ya dagaa akaondoka.

Kilichoniumiza zaidi sio posa. Ni kwamba nilianza kuamini. Nikaogopa ziwa, nikawa silali, nikipitiwa na usingizi nakabwa, siwezi kuinua hata kidole, naona mtu mlangoni. Nikasema kweli ninalo. Nikafuta kundi. Miaka minne sikuandika hata salamu ndefu.

Mama yangu hajui kusoma. Siku moja 2020 tunachambua dagaa kaniuliza tu, yule wa ziwani alimalizaga ile sala? Nikashtuka umejuaje mayu? Kumbe kila usiku jirani alikuwa anamsomea kwa sauti. Nikamwambia hapana, aliishia kwenye deni. Akanyamaza, akachambua fungu zima, ndo akasema, basi miaka minne umemwacha kwenye maji mpaka kifuani.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Konda wa Igoma
Dah.

Sengerema Hadi Lini
Dada nimesimamisha pikipiki barabarani kusoma hii. Mama yako ni mhariri.

Nesi Zamu ya Usiku
Binti Mwaloni pole sana mdogo wangu. Niongee la kazi yangu. Huko kukabwa usiku, jinamizi, ubongo unaamka wakati mwili bado umelala, misuli haijaachiwa, unafungua macho huwezi kusogea na unaweza kuona mtu au kuhisi amekukalia kifuani. Linawapata watu wengi, na linazidi ukikosa usingizi au ukiwa na mawazo mazito. Mtu aliyeshinda njaa siku tatu na kuchwa anaogopa, lazima limtembelee. Hiyo peke yake haimfanyi mtu kuwa na jini. Ikijirudia nenda hospitali, na tafadhali msimnyime mtu maji.

Nuru na Giza
Nimesoma mara mbili. Kumfungisha mtu bila maji ni kosa, na kusoma siri ya mtu kwa kipaza sauti ni kosa, nasema kama mtu wa huduma hiyo. Lakini dada bado nakuuliza kwa upendo, ungeweza kuandika hayo ya baba yako bila huyo wa ziwani?

Binti Mwaloni
Nilijaribu kaka. Nikiandika "mimi" nafuta.

Fr wa Mtaani
Hiyo imetosha.

Nuru na Giza
Haijatosha kwangu, ila nimesikia.

Nansio Kwetu
Niwape mfano wa hapahapa ziwani. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mtu wa misheni aliyepita seminari, mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke wanaopendana na hawapati mtoto, waganga na ramli vimejaa humo. Kwa Kiswahili kitabu kikatoka 1980, yeye akafariki 1981. Pendo la wale wawili limesimama katikati ya mizimu na dawa, na aliyeandika ni mtu aliyelelewa na mapadri. Nilikisoma nikiwa kijana, wazazi wangu nikawaona upya. Kwa hiyo tusiseme jambo hili limeletwa na simu.

Juzuu Amma
Ila mzee hakuuza sehemu ya mwisho kwa elfu mbili.

Sengerema Hadi Lini
Hahaha hilo la kutuma hela ndo upewe mwisho lilinikuta, nikatuma, nikawekewa bloku. Mpaka leo sijui kama waliingia peponi au la.

Kamachumu Boy
Ushauri kwa mama: simu ilale saa tatu, na jini nalo lilale.

Mke wa Fundi Nyakato
Usimpokonye. Kaa naye asome kwa sauti na wewe usikie, akifika pabovu atasita mwenyewe, hapo ndo pa kuongelea. Mimi nilipokonywa nikahamia kusoma chooni.

Konda wa Igoma
Mimi nasema ampeleke kwa mchungaji akazungumze naye kistaarabu.

Mke wa Fundi Nyakato
Baada ya hiyo hapo juu bado unasema mchungaji??

Konda wa Igoma
Wapo wazuri. Wa kwangu mimi alinitoa kwenye konyagi.

Nesi Zamu ya Usiku
Mnunulie daftari. Kidato cha pili mimi niliandika madaftari matatu, malaika mlinzi anampenda mgonjwa wa wodini. Mama aliyakuta akayaweka kabatini na vyeti vyangu vya ubatizo na kipaimara. Bado yapo.

MamaWawili Kirumba
Wabeja sana wote. Nimesoma hadi hapa na huyu mtoto yuko begani kwangu, sijui alikuja saa ngapi. Nimemwambia kuhusu 1998. Kacheka mpaka kakaa chini, kumbe mama na wewe. Halafu kaniuliza kitu nimeshindwa kujibu, ngoja nikiandike kama alivyosema: mama muulize yule dada, sala ilifika wapi?

Binti Mwaloni
Mwambie mdogo wangu imefika sehemu ya 37. Mstari wa deni ulimchukua sehemu sita, aliusema Jumatano asubuhi maji yakiwa kwenye magoti, na mimi nikaweza kuusema Jumapili yake, kwa sauti ndogo. Baba sijamtafuta, nisiseme uongo. Sa hivi mbalamwezi, wavuvi wamepumzika, kesho sina dagaa wa kuanika. Naandika usiku huu.

MamaWawili Kirumba
Anasema umtumie. Nasema ututumie.