Naomba ushauri: Vitabu vya Biggles vianzwe na kipi?

Wakuu, naomba ushauri kuhusu vitabu vya rubani Biggles vya W. E. Johns, kwa msomaji wa miaka 11. Vipo karibu 100, na mwaka wa kuchapwa unapotosha: The Camels Are Coming kilitoka 1932, ila Biggles Learns to Fly cha 1935 kinarudi nyuma hadi anapojifunza kurusha ndege. Ginger, kijana anayekuwa mwenzake Biggles, anaingia kwenye The Black Peril (1935). Kikirukwa, mtoto atauliza huyu katokea wapi.

Kuna pia suala la matoleo. Ya miaka ya 1950 yaligeuza wiski ya marubani kuwa maji ya limau, eti vitani! Nifuate umri wa Biggles au mwaka wa kuchapwa? Na nikinunua kilichotumika, niangalie ukurasa gani kutambua toleo lisilochezewa?