Mjadala: Je, Manmohan Singh aliisaliti Kusini aliyoitumikia pamoja na Mwalimu Nyerere?

MLETA MADA

Wakuu, tangu Manmohan Singh, Waziri Mkuu wa zamani wa India, afariki dunia mjini Delhi tarehe 26 Desemba 2024 akiwa na miaka 92, kuna hoja inayorudiwa kila jina lake linapotajwa huku kwetu. Ni hii: kuanzia 1987 hadi 1990 alikuwa Geneva, Katibu Mkuu wa Tume ya Kusini, yaani tume ya nchi zinazoendelea, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mwalimu Nyerere. Ripoti yao ikazitaka nchi maskini zijitegemee, zishirikiane zenyewe kwa zenyewe, na zisikubali kuburuzwa na wakopeshaji. Haujapita mwaka, Juni 1991, akapewa Wizara ya Fedha ya India na kwenda kubisha hodi IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa hiyo, wanasema, ni msaliti.

Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, na nitasema kwa nini.

Kwanza, hali aliyoikuta. Vita vya Ghuba vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta. Wahindi waliokuwa wakitafuta riziki Kuwait walirudi mikono mitupu, na fedha walizokuwa wakituma nyumbani zikakatika. Muungano wa Kisovieti, mteja mkubwa wa bidhaa za India, ulikuwa unasambaratika. Akiba ya fedha za kigeni ikabaki ya kuagizia bidhaa kwa wiki chache tu. Kabla Singh hajaapishwa, serikali iliyotangulia ilikwisha kuuza tani 20 za dhahabu. Mwezi Julai zikatolewa nyingine karibu tani 47 kutoka hazina ya Benki Kuu, zikapakiwa kwenye ndege awamu kwa awamu hadi London, kuwekwa rehani kwa Benki Kuu za Uingereza na Japani. Mliokaa jirani na Wahindi mnajua dhahabu ni nini kwao: mama akifikia kuuza bangili za harusi, ujue ndani hakuna kitu kingine kilichobaki. Hapo ndipo nchi nzima ilipokuwa imefika.

Rupia ikashushwa thamani mara mbili ndani ya siku tatu, tarehe 1 na 3 Julai. Tarehe 24 Julai ikasomwa bajeti, na siku hiyohiyo ikatangazwa sera mpya ya viwanda iliyofuta leseni za serikali kwa sehemu kubwa ya viwanda. Tukumbuke leseni zile zilikuwa zinafanya nini. Kiwanda kilikuwa kinaambiwa na ofisi ya Delhi kitengeneze vitu vingapi kwa mwaka, na kikizidisha ni kosa. Bajaj, hawahawa ambao jina lao leo ndilo jina la usafiri wa mtaani kwetu, walikuwa na wateja waliosubiri pikipiki yao ya skuta kwa miaka mingi baada ya kuweka jina kwenye orodha. Mfumo huo ulimlinda nani? Mkulima wa jimbo la Bihar hakuwa akifaidika nao.

Pili, mtu anayesema Singh aligeuka, aonyeshe aligeuka kutoka wapi. Singh alizaliwa 1932 katika kijiji cha Gah, Punjab, ambacho leo kiko Pakistan. Alifiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na bibi, akasoma kwa taa ya mafuta. Mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947 ukaifanya familia yake kuwa wakimbizi. Akafika Cambridge, kisha Oxford, na tasnifu yake ya udaktari ya 1962 ilihusu mauzo ya India nje ya nchi. Hoja aliyoitetea ni kwamba India ilikuwa inajinyima yenyewe masoko ya dunia kwa sera zake. Miaka 29 kabla ya bajeti ile! Hakuwa amefundishwa hayo na IMF mwaka 1991.

Na ripoti ya Tume ya Kusini tuisome yote, tusichague kurasa. Iliwakemea wakopeshaji, kweli. Lakini iliwakemea pia watawala wetu: urasimu uliolundikana makao makuu, mashirika ya umma yanayokula ruzuku, kilimo kilichosahauliwa, rushwa. Mwalimu aliweka sahihi yake hapo.

MCHANGIAJI, MOROGORO

Mleta mada, shikamoo kwa uchambuzi, lakini umeruka mambo mazito.

India ilifungua milango ikiwa tayari na cha kulinda. Tangu 1951 walikuwa na chuo chao cha kwanza cha teknolojia pale Kharagpur. Walikuwa na kiwanda cha chuma cha Bhilai walichojengewa kwa msaada wa Warusi, na Mapinduzi ya Kijani ya kilimo yalikwisha kuwatoa kwenye kuomba ngano. Vyote hivyo ni kazi ya dola ileile ambayo leo tunaambiwa ilikuwa mzigo. Sisi tulifungua tukiwa na nini? Mimi nimekulia karibu na watu waliofanya kazi viwandani. Viwanda vya nguo vya Mwatex pale Mwanza na Mutex pale Musoma vilisimama miaka ya 1990, na mitumba ikajaa sokoni. Mtu akinisifia mageuzi ya 1991 bila kutaja hilo, namwona anatuuzia dawa iliyomponya mgonjwa mwingine kabisa.

Mwalimu aliwauliza mabalozi mwanzoni mwa 1980, tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Singh alilijua swali hilo vizuri. Na bado alienda.

Tena wakulima wadogo wa pamba wa jimbo la Maharashtra waliojiua kwa madeni, hao nao ni sehemu ya hesabu. Usiwaache nje.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Mimi langu ni fupi. Tunabishana uchumi, lakini Singh alikuwa Waziri Mkuu miaka kumi, 2004 hadi 2014, bila kuchaguliwa na mwananchi hata mmoja moja kwa moja. Aligombea mara moja tu, Delhi Kusini, 1999, akashindwa. Aliingia kupitia bunge la juu. Katika kipindi chake masafa ya simu yaligawiwa ovyo hadi Mahakama ya Juu ya nchi ikafuta leseni 122 mwaka 2012. Yeye mwenyewe hakula, hilo nakubali. Lakini kiongozi msafi anayekaa kimya kati ya wachafu, usafi wake unamfaa nani?

MLETA MADA

Asanteni. Naanza na wa Mombasa, kwa sababu hapo sina ubishi mkubwa. Kesi ile ya masafa iliisha 2017 kwa washtakiwa wote kuachiwa huru, lakini ugawaji wenyewe ulikuwa mbovu, na yeye ndiye aliyekuwa mezani. Alipaswa kusema mapema na kwa sauti.

Wa Morogoro, ndugu yangu, hoja yako ya misingi ni ya kweli na ndiyo inayonifanya nimtetee. Tazama alivyofungua. Kiwango cha juu cha ushuru wa forodha hakukikata kwa siku moja: 1991 kilishushwa hadi asilimia 150, kisha 110, kisha 85, kisha 65, na katika bajeti yake ya 1995 kikafika 50. Fedha za mitaji hakuziachia ziingie na kutoka zitakavyo. Maduka makubwa ya kigeni yalisubiri hadi 2012, yeye akiwa Waziri Mkuu, tena kwa masharti. IMF walikuwa na haraka zaidi ya hapo. Alichukua fedha yao kwa sababu mafuta yalikuwa yanakwisha, lakini mwendo akaupanga mwenyewe na wataalamu wa nyumbani. Viwanda vyetu vya nguo havikupewa hatua hizo tano. Lawama hiyo tuipeleke kwa waliopanga mwendo wa kwetu.

Sasa mkulima. Nakubali kwamba miaka ya 1990 kijiji kiliachwa nyuma, na msamaha wa mikopo ya wakulima wa 2008 ulikuja kwa kuchelewa. Lakini ukitaka kujua aliondoka na nini Geneva, soma sheria ya ajira vijijini ya 2005. Kaya yoyote ya kijijini ilikuwa na haki ya siku 100 za kazi ya ujira kwa mwaka. Mama alikwenda ofisi ya kijiji, akapewa kadi yenye picha na majina ya watu wa nyumba yake, akaomba kazi. Siku 15 zikipita bila kupewa, serikali iliwiwa kumlipa posho. Kazi ilitakiwa iwe ndani ya kilomita tano kutoka alipoishi: kuchimba bwawa, kutengeneza barabara. Theluthi moja ya waliopewa kazi walitakiwa wawe wanawake. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya haki ya kupata taarifa: unalipa rupia 10, ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Watu waliitumia kuibana serikali yake mwenyewe.

Sheria hizo zilisukumwa pia na wanaharakati na vyama vya kushoto vilivyokuwa vikimuunga mkono bungeni, sitaki kumpa sifa zote. Ila zililipwa na kodi za uchumi uliokua baada ya 1991. Bila fedha ile, siku 100 zingebaki azimio la mkutano, na maazimio ya namna hiyo tunayo mengi.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaomwita msaliti bado liko palepale. Julai 1991, dhahabu imeshasafirishwa, akiba ni ya wiki chache, meli za mafuta zinadai dola. Mwenye njia nyingine ambayo India ingepita aiweke hapa, na aonyeshe nani angelipia shehena ya Agosti.